Ndoano, mshipi na boya kwa samaki wadogo wa maji baridi: mwongozo kamili wa kuchagua na kufunga

Wengi wanaoanza kuvua kwa boya hununua fimbo kwanza, kisha rili ya kukunjia mshipi, kisha boya linalovutia macho. Ndoano huja mwisho kabisa, pakiti yoyote iliyo karibu na mkono. Mwongozo huu unakwenda kinyume. Tunaanzia mdomoni mwa samaki, tunapanda kwa chambo, ndoano, mshipi, boya na machubwi (vizito vidogo vya kwenye mshipi), na fimbo tunaifikia karibu na mwisho. Kila kifaa kinachaguliwa kwa kukitazama kile kilicho chini yake. Ukifuata mpangilio huo, vifaa vya kawaida kabisa vitakufaa. Ukiupindua, utakaa ukitazama boya likichezacheza na ndoano ikirudi bila chambo wala samaki.

Samaki ninaowazungumzia ni wale wa ukubwa wa kiganja hivi au kuzidi kidogo: perege wadogo, bluegill na crappie wa Marekani ya Kaskazini, roach na perch wa Ulaya, na wengine wa tabia kama zao wanaokaa mabwawani, kwenye kingo za maziwa na kwenye mito inayokwenda polepole.

Anza na mdomo

Samaki hawa kwa kawaida hawang'ati chambo, wanakinyonya. Samaki hukisogelea, husimama kidogo, kisha hufungua mdomo na mashavu kwa ghafla. Maji hukimbilia ndani na chochote chepesi kilicho mbele yake hufuata. Kikionekana kigumu, kizito au kimeshikiliwa na kitu, hukitema, na yote hayo hutokea kwa kufumba na kufumbua. Mvuvi huona boya limetikisika mara moja tu, basi.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi nzima. Chambo pamoja na ndoano lazima viwe vyepesi vya kutosha kunyonywa. Mshipi lazima uviruhusu viende. Na boya lazima likupe habari kabla samaki hajatema. Kila uamuzi utakaofuata unapimwa kwa mambo hayo matatu.

Midomo nayo inatofautiana. Bluegill na perege wana mdomo mdogo na midomo migumu kiasi, kwa hiyo ndoano ikiingia haitoki kirahisi, ila lazima iwe ndogo. Crappie ana mdomo mpana, lakini ngozi ya pembeni ni nyembamba mno. Ukimvuta kwa nguvu, inachanika na samaki anakwenda zake. Perch ana mdomo mkubwa na uroho, hivyo shida yake ni kwamba humeza ndoano mpaka kooni. Ukijua unamtafuta nani, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Chambo kabla ya ndoano

Ndoano hubeba chambo, kwa hiyo amua chambo kwanza. Kwa midomo midogo, tumia kipande cha mnyoo chenye urefu wa sentimita moja na nusu hadi mbili, buu moja au mawili ya nzi, panzi mdogo, nyenje, au kidonge cha mkate kisichozidi punje ya njegere. Kwa crappie na perch, samaki mdogo aliye hai au mnyoo mzima ni sawa.

Mnyoo mrefu unaoning'inia ndio unaowalisha samaki bure. Bluegill hushika mkia wake, huvuta, hukata, na boya linazama kabisa bila ndoano kuwa karibu na mdomo. Ukiona boya linapelekwa upande mara kwa mara na hupati kitu, fupisha chambo kwanza kabla hujabadilisha chochote kingine.

Ndoano

Tuanze na namba, maana zinawachanganya watu. Ndoano ndogo huhesabiwa kinyume: namba 10 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 6. Ukishuka hadi namba 1, hesabu inageuka na kuanza 1/0, 2/0, 3/0, na hapo namba ikipanda ndoano inakuwa kubwa. Kwa kazi yetu hizo za mstari hatuzihitaji. Ujue pia kwamba watengenezaji hawana kipimo kimoja. Namba 8 ya mmoja inaweza kuwa sawa na namba 10 ya mwingine, kwa hiyo ukizoea aina fulani, linganisha kwa macho kabla ya kubadilisha.

Ukubwa wa kuanzia ni huu:

- Bluegill, roach na perege wadogo: namba 8 hadi 12. Kama huna hakika, chukua namba 10.
- Roach wanaosita, au unapotumia buu moja: namba 14 hadi 18.
- Perch: namba 6 au 8.
- Crappie kwa samaki mdogo aliye hai: namba 4 au 6, na hata namba 2 kama samaki wa chambo ni mkubwa.

Watu husema ndoano kubwa huchuja samaki wadogo ukabaki na wakubwa. Kwa samaki hawa sikubaliani. Bluegill mkubwa bado ana mdomo mdogo, na ananyonya kwa namna ileile. Ndoano namba 4 itamkosesha yeye pia. Ndoano ndogo humnasa mkubwa na mdogo. Ukitaka wakubwa, badilisha mahali na kina.

Baada ya ukubwa, angalia unene wa waya. Waya mwembamba una faida tatu. Ndoano inakuwa nyepesi na kunyonywa kwa urahisi, inapenya bila kuhitaji kuvutwa kwa nguvu, na haimuui haraka mdudu au samaki mdogo uliyemtumia kama chambo. Faida ya nne huonekana ikinasa kwenye tawi chini ya maji: ukivuta polepole kwa mshipi wenye nguvu ya kutosha, waya unanyooka na ndoano inarudi. Unaikunja tena kwa koleo, na ukishaikunja mara mbili tatu unaitupa, kwa sababu chuma kimeshachoka. Ndoano za mtindo wa Aberdeen, zenye waya mwembamba, shina refu na pindo la mviringo, zimetengenezwa hasa kwa kazi hii.

Shina refu lina sababu nyingine. Samaki wenye midomo midogo wakimeza, shina ndilo unalolishika. Kwa mnyoo, panzi na nyenje, shina refu pia linakaa vizuri ndani ya mwili wa chambo. Kwa buu au kidonge cha mkate, chukua shina fupi, kwa kuwa refu litaonekana wazi na kuongeza uzito bila sababu.

Sasa tazama mdomo wa ndoano, yaani nafasi kati ya ncha na shina. Hiki ndicho kipimo ninachokipa uzito kuliko namba. Chambo kikiijaza nafasi hiyo, ncha haiwezi kufika kwenye nyama. Chomeka chambo, kisha itazame ndoano kwa upande: angalau nusu ya nafasi ibaki wazi. Ikiwa imejaa, punguza chambo au chukua ndoano iliyo kubwa kwa saizi moja. Kidonge cha mkate kinaruhusiwa kuijaza kwa sababu ni laini na ncha hupita katikati yake. Mnyoo uliokunjwakunjwa haupitiki hivyo.

Ncha ipimwe kwenye ukucha. Ilaze juu ya ukucha wa kidole gumba na kuivuta taratibu bila kuikandamiza. Ndoano kali hukwama palepale na kuacha alama. Butu huteleza. Fanya hivyo kwa ndoano mpya pia, na urudie kila inapogusa jiwe au kunasa mtini. Ndoano ndogo za waya mwembamba hazina haja ya kunolewa kwa tupa. Ikiteleza, ibadilishe.

Kuhusu kijino kilicho karibu na ncha, ushauri wangu ni kukibana kwa koleo kilale, au kununua ndoano zisizo nacho. Ndoano isiyo na kijino huingia kwa nguvu ndogo, na hutoka bila kumchana samaki. Hutampoteza samaki alimradi mshipi usilegee. Tofauti moja ipo: ukitumia mnyoo mwenye nguvu, anaweza kujinyonganyonga akatoka. Mtoboe mara mbili au tatu, atatulia.

Ndoano za mviringo, zile ambazo ncha inaelekea shinani, zina nafasi yake kwa perch na wote wenye tabia ya kumeza, kwa kuwa hunasa pembeni mwa mdomo. Lakini hazishtuliwi, yaani hubetui fimbo ghafla ili ndoano ichome. Unapandisha fimbo taratibu na kuanza kukunja mshipi, basi. Mtu aliyezoea kushtua atakosa samaki wengi kwazo mpaka mkono ujifunze.

Rangi ya ndoano haina uzito mkubwa. Kahawia, nyeusi au shaba hufaa popote. Nyekundu hupatana na mnyoo.

Mshipi na kipande cha mwisho

Mshipi wa nailoni wa uzi mmoja unatosha kwa kila kitu hapa. Una mnyumbuko kidogo unaoisaidia midomo laini ya crappie, na hauzami haraka, hivyo ni rahisi kuunyanyua juu ya maji unaposhtua. Chagua wenye nguvu ya paundi 4, yaani kama kilo 1.8. Penye miti na majani mengi panda hadi paundi 6, karibu kilo 2.7. Fluorokaboni, aina nyingine ya mshipi wa uzi mmoja, ni nzito kuliko nailoni na huzama. Ukiitumia kama mshipi mkuu, sehemu iliyo kati ya fimbo na boya huenda chini na kuliburuta boya. Mshipi wa kusokotwa hauna mnyumbuko karibu kabisa, na kwa crappie hilo linamaanisha midomo iliyochanika.

Mwishoni ongeza kipande chembamba zaidi, cha sentimita 20 hadi 40, chenye nguvu ya paundi 2 au 3. Unene unaopungua karibu na chambo hukifanya chambo kielee na kuzama kama kitu kisichofungwa. Na ikikwama vibaya, kinachokatika ni hicho kipande na ndoano. Boya na machubwi hurudi, na huachi mita kadhaa za nailoni majini za kunasa ndege. Hapa fluorokaboni inafaa ukiwa na maji maangavu.

Funga vipande hivi nyumbani, kila kimoja na kitanzi mwishoni, uvizungushe kwenye kipande cha sponji au gamba la boksi na kuandika namba ya ndoano. Kwenye maji unapitisha kitanzi ndani ya kitanzi, na kazi imekwisha. Kufunga ndoano namba 14 kwa vidole vilivyolowa, jioni, upepo unavuma, ni adhabu ambayo haina sababu.

Fundo la ndoano yenye tundu ni hili: pitisha mshipi tunduni, uuzungushe mara tano au sita juu ya mshipi mkuu, rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, kisha uipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukaza, lilowanishe kwa mate. Nailoni ikisuguana ikiwa kavu hupata joto na kupoteza nguvu palepale kwenye fundo, na hutaona dalili yoyote mpaka samaki mzuri aondoke na ndoano. Kaza kwa mvuto mmoja wa polepole na utazame mizunguko ikijipanga bega kwa bega. Ikipandana, kata ufunge upya.

Boya

Boya la duara, lile la plastiki la rangi mbili lenye kibonyezo, linapatikana kila mahali, na ndilo linalowanyima watu samaki wengi. Hesabu yake iko wazi. Boya huzamishwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji yatakayosukumwa na sehemu iliyobaki juu. Duara la kipenyo cha milimita 25 lina ujazo wa karibu sentimita 8 za ujazo. Likielea nusu juu, samaki anatakiwa kuvuta karibu gramu 4 ili lizame. Sasa chukua boya jembamba ambalo kinachotokeza juu ni ncha ya unene wa milimita 3 na urefu wa sentimita moja. Kulizamisha kunahitaji kama gramu 0.07. Tofauti ni karibu mara 60. Samaki anayenyonya buu kwa majaribio anausikia mzigo wa gramu 4 na kutema kabla hujajua lolote. Ule wa gramu 0.07 hausikii.

Kwa hiyo sheria ni nyepesi: boya jembamba kadiri hali ya maji inavyoruhusu, na lipakiwe uzito wa machubwi mpaka ibaki ncha tu juu ya maji. Kwenye maji yaliyotulia, kijiti chembamba cha balsa (mti mwepesi sana), plastiki au unyoya wa tausi kinafaa. Kama unatumia rili na kuna upepo, boya liunganishwe kwa chini tu, mshipi upite chini ya maji badala ya kukokotwa na mawimbi. Kwenye mkondo, liunganishwe juu na chini kwa vipete vya mpira, na liwe na tumbo kidogo kwa juu, ili ukilizuia lisinyanyuke kutoka majini.

Ukubwa wa boya unafuata umbali na kina. Karibu na ukingo, maji ya mita moja, boya la kubeba gramu 0.5 hadi 1 latosha. Ukirusha mita kumi au zaidi, au upepo ukiwa mbele yako, nenda gramu 2 hadi 3. Usichukue boya dogo mno kwa tamaa ya wepesi wake halafu ushindwe kulifikisha waliko samaki.

Boya la duara lina mahali pake: unapotumia samaki mdogo aliye hai kwa crappie, boya jembamba litazamishwa na chambo chenyewe. Hata hapo chagua dogo kabisa linaloweza kumbeba. Na kwa mtoto anayejifunza, likiwa la milimita 15 au 20 na limepakiwa uzito, linafanya kazi vizuri.

Maji yakiwa na kina kuliko urefu wa fimbo yako, boya la kushikizwa mahali pamoja kwenye mshipi haliwezekani, kwa kuwa hutaweza kurusha wala kumfikisha samaki mkononi. Tumia boya la kuteleza. Juu yake weka ushanga mdogo, na juu ya ushanga kizuizi cha uzi kilichofungwa kwenye mshipi kwa mizunguko minne au mitano. Kizuizi hupita kwenye pete za fimbo na kuingia kwenye rili. Ukirusha, machubwi huvuta mshipi ndani ya boya mpaka kizuizi kigote kwenye ushanga, na hapo ndipo kina ulichokipanga. Acha mikia ya uzi sentimita moja na nusu hivi. Ukiikata fupi mno huwa migumu na kukwaruza kila pete.

Rangi ya ncha ni kwa ajili ya macho yako wewe. Nyekundu au chungwa huonekana kwenye maji meupe yanayoakisi anga, njano kwenye kivuli cha miti, nyeusi ukitazama upande jua linakotokea. Beba zote tatu.

Machubwi

Sehemu hii watu huiruka, na mimi naiweka sawa na ndoano. Tumia punje ndogo zenye mpasuo katikati, zinazobanwa juu ya mshipi. Kwa kipimo kinachotumika sana, AAA ni gramu 0.8, BB ni gramu 0.4, namba 6 ni gramu 0.1 na namba 8 ni gramu 0.06. Boya lililoandikwa 3BB linabeba gramu 1.2, na uzito huo unaweza kuugawa utakavyo.

Mfano wa kwenye maji yaliyotulia, boya la 3BB lililounganishwa kwa chini: weka BB moja kila upande wa boya, zilishike mahali pake. Hizo ni gramu 0.8. Kisha punje tatu za namba 6 zishuke kwa nafasi sawa kuelekea kwenye kitanzi, na namba 8 moja iwe juu kidogo ya katikati ya kile kipande cha mwisho. Jumla ni gramu 1.16, na ncha ndogo inabaki juu. Chambo kitazama taratibu, na samaki walio katikati ya maji watakifuata kikishuka. Boya nalo litakaa hatua kwa hatua: linalala, linasimama, linashuka kidogo kwa kila punje inayofika mahali pake. Zoea muda wa kila hatua. Ikichelewa kushuka hatua ya mwisho, kuna samaki ameshika chambo kikiwa njiani. Shtua.

Samaki wakiwa chini, au kukiwa na vidagaa juu vinavyokula kila kitu, zikusanye punje pamoja theluthi mbili ya kina, ubakize moja ndogo karibu na ndoano. Chambo kitapita kwa haraka.

Ile punje ya mwisho ndiyo inayokupa habari. Ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye ndoano, samaki ana nafasi ya kunyonya na kutema bila boya kusema lolote. Ikiwa sentimita 8, kila anachofanya kinaonekana, ila chambo hakitembei kwa uhuru. Anza na 15. Ukipata ndoano zilizokaa kooni, isogeze chini. Ukiona hawataki kabisa, ipandishe.

Fanya majaribio ya uzito kwenye ndoo ya maji kabla ya kuondoka, na uandike kwenye boya lenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika. Ukiwa na boya lililokwishapimwa, kazi ya ukingoni ni ya dakika mbili.

Punje zisiwe za risasi kama kuna njia nyingine. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa machubwi mengi madogo ya risasi mwaka 1987, kwa sababu mabata-maji waliyameza pamoja na changarawe wakafa kwa sumu. Bati na tangsteni hufanya kazi ileile. Bati ni jepesi, hivyo punje huwa kubwa kidogo, na tangsteni ni nzito kuliko risasi na huwa ndogo. Na usibane punje kwa meno, hata siku moja. Tumia koleo, bila kukandamiza sana, punje iweze kusogezwa. Kabla ya kuisogeza, lowanisha mshipi.

Kupima kina

Bandika bildi ndogo, yaani kizito cha kupimia kina, kwenye ndoano, tupa pale utakapovua, utazame boya. Likizama lote, kina ulichopanga ni kifupi, lipandishe. Likilala au kutokeza sana, ni kirefu, lishushe. Endelea mpaka ncha ionekane kama inavyotakiwa, na hapo ndoano inagusa chini kabisa. Weka alama kwenye fimbo, kisha pima mita moja kushoto, moja kulia, moja mbele. Unachotafuta ni mahali ambapo sakafu inashuka ghafla au majani yanaishia, kwa kuwa samaki hupita hapo.

Kwa perch na roach anza sentimita chache juu ya sakafu. Kwa bluegill na perege jaribu katikati, kisha shuka. Kwa crappie kumbuka kwamba macho yake yanatazama juu na hula kwa kupanda. Chambo kikiwa chini yake, mara nyingi hakioni. Kiweke juu ya kina unachodhani yupo, hata kama ni nusu mita zaidi.

Fimbo

Fimbo ndefu isiyo na rili, ya mita 4 hadi 5, mshipi ukiwa karibu na urefu wake, ni kifaa bora kwa samaki wa karibu na ukingo. Inaliweka boya mahali palepale kila mara, na hakuna mshipi mwingi wa kupeperushwa. Kwa kurusha mbali, fimbo nyepesi ya rili, mita 2 hadi 2.5, yenye ncha laini. Yenye ncha ngumu hukata kipande cha mwisho na kuchana midomo. Breki ya rili ilegezwe kiasi kwamba unaweza kuuvuta mshipi kwa vidole viwili bila kipande cha mwisho kukatika.

Kulisoma boya na kushtua

Boya lililozama moja kwa moja halihitaji maelezo. Mengine ni haya. Likitikisika palepale, samaki anadonoa: chambo ni kirefu au ndoano ni kubwa. Likitembea upande bila kuzama, ameshika na anaondoka, shtua. Likinyanyuka na kulala, ameokota chambo sakafuni na kuibeba ile punje ya mwisho. Hiyo ndiyo dalili nzuri kuliko zote, kwa kuwa chambo kimo mdomoni kabisa. Usisubiri lizame.

Kushtua kwa samaki hawa ni kubetua kifundo cha mkono tu, ncha ya fimbo isogee sentimita 30 hivi. Kwa crappie hata hiyo ni nyingi. Pandisha fimbo kama unayenyanyua kikombe kilichojaa.

Siku ikiharibika, badilisha kitu kimoja kwa wakati, na kwa mpangilio huu: kina, ukubwa wa chambo, nafasi ya punje ya mwisho, saizi ya ndoano, kisha unene wa kipande cha mwisho. Boya na mahali viwe vya mwisho. Anayebadilisha vyote kwa pamoja hajui kilichomsaidia, na kesho ataanza upya.

Kuondoa ndoano

Lowanisha mikono kabla ya kumshika samaki, usiondoe ute wake. Samaki wa aina ya bluegill, perch na perege wana miiba kwenye pezi la mgongoni. Mshike kwa kutelezesha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani ili miiba ilale. Ndoano ikiwa mdomoni, ishike kwa shina na kuirudisha kwa njia iliyoingilia. Ikiwa ndani kidogo, tumia koleo nyembamba au kijiti chenye mfereji kinachosukuma pindo la ndoano nyuma.

Ikiwa kooni na unataka kumrudisha majini, usichokoe. Kata mshipi karibu na mdomo na umwachie. Samaki aliyekatiwa mshipi ana nafasi nzuri zaidi ya kuishi kuliko aliyechokolewa mpaka matamvua yakatoa damu. Zikijitokeza za kooni mbili mfululizo, simamisha uvuvi kwanza: shusha punje ya mwisho, kaza mshipi kati ya boya na fimbo, au chukua ndoano ya mviringo.

Vitu vya kubeba ni vichache. Vipande vya mwisho vilivyofungwa tayari vya namba 6, 8, 10 na 14, vitano vya kila moja. Maboya matatu yaliyopimwa. Kijaluba cha punje. Bildi, koleo nyembamba, kikata kucha cha kukatia mshipi, na mfuko wa kurudisha nyumbani kila kipande cha nailoni kilichokatwa. Angalia pia sheria za maji unayovua, kwa sababu sehemu nyingine zinahitaji leseni, zina kipimo cha chini cha samaki, au zinakataza kijino kwenye ndoano au samaki hai kama chambo.